Wasafisha kodi, acheni kufyeka milamula ya watu

Najua nimeadimika, mitihani ilitubana kweli kweli na hata bumu lilipoingia liliishia kwenye madeni ya chipsi. Ila kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima na leo nalitema. Linawahusu hawa ndugu zetu wanaojiita wasafi wa kodi. Kodi ninayoisema hapa si ile ya TRA, ni hii tunayoandika kwa lugha ya C usiku kucha halafu asubuhi tunalala kwenye lekcha.

Mambo yalivyoanza: kwenye kundi letu la project kuna mwenzetu mmoja (jina kapuni, na asijishtukie maana ni mshikaji wangu) alituma meseji saa saba usiku kwamba amesafisha kodi yote, amefuta vigeu visivyotumika, kompaila sasa iko kimya haina onyo hata moja. Watu wakamwagia dole gumba. Asubuhi kifaa kikaamka kama kimelogwa. Kinawaka, taa inawaka, lakini hakifanyi kitu. Ukikiangalia kwa muda mrefu unaona kama vile kinajaribu kufanya kitu, taratiiibu, kama mzee anayepanda kilima na gunia la kahawa kichwani.

Kabla sijaendelea tuelewane maneno. Kile ambacho darasani tunakiita variabo mimi nakiita kigeu, kama kwenye hisabati ya x na y. Wengine wanasema kigeugeu, ila mtaani neno hilo wameshapewa wanasiasa. Kigeu kisichotumika ni kile ambacho umekitangaza, pengine umekipa na thamani, halafu hakuna mahali popote kwenye fanksheni yako unapokisoma. Kompaila ikiona hivyo inakupa onyo. Si kosa, ni onyo. Programu inajengwa vizuri tu na inakimbia.

Sasa kifaa chetu ni kidude cha kupima mvua. Kina chipu ya ATmega328P, ile ile iliyoko kwenye Arduino Uno, yenye kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, na kinatuma vipimo kwa SMS kupitia modemu ya GSM. Modemu ina tabia ya kurudisha kila herufi unayoitumia, kama mtoto anayekuiga, na sisi hizo herufi hatuzihitaji. Kwa hiyo mahali fulani kwenye kodi kulikuwa na hiki:

    ISR(USART_RX_vect)
    {
        uint8_t takataka = UDR0;
    }

Angalia. Kigeu kinaitwa takataka, kimepewa thamani, hakuna anayekisoma. Kompaila ikalalamika. Msafi akaja na fagio lake, akafuta mstari mzima, fanksheni ikabaki tupu. Kimantiki ni sawa kabisa, si ndiyo? Jina lenyewe takataka!

Sio sawa. UDR0 si kigeu cha kawaida, ni rejista ya chipu, yaani ni kama kisanduku cha barua. Herufi ikiingia, chipu inainua bendera na kuita katizo, na bendera hiyo inashuka pale tu mtu anapofungua kisanduku na kusoma kilichomo. Kusoma ndiyo kazi yenyewe. Thamani iliyosomwa haina maana, kitendo cha kuisoma ndicho chenye maana. Ukifuta ule mstari, herufi ya kwanza ikiingia bendera inapanda na haishuki tena, katizo linaitwa, linamaliza, linaitwa tena, linamaliza, linaitwa tena, mpaka betri iishe. Na ule mwendo wa kizee una maelezo yake: chipu za AVR kati ya katizo na katizo zinaruhusu amri moja tu ya programu kuu ipite. Amri moja! Kwa hiyo kifaa hakikufa, kilikuwa kinatembea kwa amri moja moja, katikati ya mafuriko ya makatizo.

Na dawa ilikuwa rahisi, futa kigeu lakini acha usomaji: unaandika UDR0 peke yake na void kwenye mabano mbele yake. Kompaila inanyamaza, na kwa kuwa rejista hiyo imetangazwa kuwa volatile, usomaji unabaki pale pale hata kompaila ikibana kodi namna gani.

Lakini sehemu iliyonikera zaidi ni utetezi wake. Alisema, 'mbona kwenye laptopu majaribio yote yamepita?' Ni kweli yalipita. Kodi yetu tunaijenga mara mbili, mara moja kwa ajili ya chipu na mara moja kwa ajili ya laptopu ili tujaribu hesabu za mvua bila kubeba waya, na kule kwenye laptopu UDR0 tumeiigiza kwa kigeu cha kawaida. Kwenye laptopu ule mstari kweli ulikuwa takataka. Kwenye chipu ulikuwa roho ya kifaa. Mstari mmoja, mashine mbili, ukweli wa aina mbili. Sasa wewe ukiuliza mashine moja tu kama mstari una kazi, umeuliza nusu ya swali.

Mimi ni mtu wa Kibeta, Bukoba, na hili jambo kwetu hata bibi asiyejua kompyuta analielewa. Kibanja na kibanja kwa asili havitenganishwi na ukuta, vinatenganishwa na mlamula. Mlamula ni ule mmea wa jamii ya Dracaena, ukichomeka tawi tu linashika. Hauzai ndizi, haukupi kahawa, na hakuna siku utaambiwa leo tunakula mlamula. Mgeni kutoka Dar akinunua kiwanja siku hizi (maana vibanja navyo vinakatwa viwanja kama keki) anaona kijiti tu kimesimama pembeni ya migomba, anamwambia kijana afyeke. Upande wake hakina kazi. Basi waitu! Siku ya pili jirani yuko mlangoni, ya tatu yuko kwa mwenyekiti wa mtaa, na kesi za mipaka mnazijua wenyewe zinavyozeeka. Kile kijiti kilikuwa kinafanya kazi upande wa jirani. Upande wako ulikuwa unaona mgongo wake tu.

Kodi ya ngazi ya chini inayokimbia kwenye prosesa za aina nyingi imejaa milamula. Na msidhani ni mambo ya Arduino tu. Fikiria vitu tulivyonavyo hapa hosteli: laptopu ni x86, simu zote mifukoni ni ARM, ruta nyingi za bei rahisi zile za ukutani ni MIPS. Linux inakimbia kwenye vyote hivyo, kodi ya msingi ni ile ile moja, na ndani ya folda yake ya arch kuna aina kama 20 za prosesa. Kila aina ina mambo yake. Kuna prosesa ambayo kabla hujabadilisha ramani ya kumbukumbu lazima useme 'safisha kache kuanzia hapa mpaka pale', na kuna nyingine, x86 ikiwa mojawapo, ambayo mambo hayo inayamaliza yenyewe. Kwa hiyo waandishi wa keneli huweka jina moja la kazi hiyo, kwenye prosesa hii linakuwa kazi ya kweli, kwenye ile linakuwa makro tupu isiyofanya kitu.

Mwaka 2019 lilitokea tukio ambalo natamani lingefundishwa wiki ya kwanza ya somo la C. Kwenye faili la lib/ioremap.c kulikuwa na fanksheni inayohifadhi anwani ya mwanzo kwenye kigeu kiitwacho start, ili mwishoni iipe flush_cache_vmap pamoja na anwani ya mwisho. Kwenye x86 flush_cache_vmap ilikuwa makro tupu, inameza ulichoipa bila hata kukitazama. Kwa hiyo kompaila ikasema: kigeu start kimepewa thamani lakini hakitumiki. Mtu wa fagio angefanya nini? Angefuta start, kwenye laptopu yake ingejengwa safi, angetuma kiraka, na watu wenye prosesa nyingine wangeamka asubuhi keneli haijengeki kabisa kwa sababu start haipo.

Aliyerekebisha hakugusa start. Alikwenda kwenye makro tupu, akazigeuza kuwa fanksheni tupu, zile za static inline. Tofauti ni nini? Makro tupu inafuta hoja kabla kompaila haijaiona. Fanksheni tupu inaipokea hoja, inakagua aina yake kama ni sahihi, halafu haifanyi kitu. Kompaila inaona kigeu kimetumika, onyo linaondoka, na kwenye programu iliyojengwa hakiongezeki hata baiti moja. Tena unapata faida ya ziada, kwamba mtu wa x86 akikosea aina ya hoja anaambiwa hapo hapo, asisubiri mwenye ARM amgundulie. Mwaka huo huo kulikuwa na ndugu yake, kigeu p4d kwenye ARM ya biti 64, safari hii kilikuwa kinahusu ngazi ya jedwali la kurasa ambayo kwenye mashine hizo imekunjwa tu, haipo kihalisia. Dawa ikawa ile ile: usifute kigeu, rekebisha makro.

Ndiyo maana mwongozo wa uandishi wa keneli unasema waziwazi kwamba kigeu ambacho kinaweza kukosa kazi kwenye usanidi fulani kiwekewe alama ya __maybe_unused badala ya kukizungushia uzio wa #ifdef, na kwamba kile ambacho hakina kazi popote, daima, ndicho kifutwe. Soma tena: popote, daima. Si 'kwenye laptopu yangu'.

Haya, sasa najua kuna watu wataniambia naogopa kivuli. Onyo moja la kigeu litaua nani? Basi twende 2006. Hapo mimi nilikuwa sijajua hata kusoma. Kwenye Debian kulikuwa na chombo kiitwacho Valgrind kinacholalamika pale programu inaposoma kumbukumbu ambayo haijapewa thamani, na kilikuwa kinailalamikia OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche. Mlalamikiwa alikuwa mstari mfupi unaotokea mara mbili ndani ya faili moja, unafanana kama mapacha. Mmoja kati ya wale mapacha kweli ulikuwa unachanganya kumbukumbu isiyo na thamani, na ungeweza kuondoka bila maafa. Wa pili ulikuwa mlango ambao nasibu zote za kutengenezea funguo zinapitia. Mtunzaji wa kifurushi hicho akaondoa yote miwili, septemba 2006, baada ya kuuliza kwenye orodha ya barua pepe ya waandishi wenyewe na kuona hakuna anayepinga kwa nguvu. Malalamiko yakaisha. Kimya. Usafi.

Kimya kile kilidumu hadi tarehe 13 mei 2008. Siku hiyo Debian ilitangaza kwamba funguo zilizotengenezwa kwa OpenSSL hiyo kwenye mashine zake katika kipindi hicho zilikuwa zinabahatishwa, aliyegundua akiwa Luciano Bello. Nasibu pekee iliyobaki ilikuwa namba ya mchakato, ambayo haizidi 32,768. Kwa hiyo kwa kila aina ya ufunguo, urefu wake na aina ya prosesa, kulikuwa na funguo 32,767 tu zinazowezekana. Mtu anaweza kuzitengeneza zote, akaziweka kwenye flashi, akaja kuzijaribu mlangoni kwako moja moja. Ubuntu 7.04, 7.10 na 8.04 nazo ziliathirika kwa kuwa zinatoka kwenye shina hilo hilo, na miaka ile Ubuntu ilikuwa inagawa CD za bure kwa posta dunia nzima. Na mwone kejeli ya mambo: hata udhaifu wenyewe ulikuwa tofauti kwa prosesa tofauti, orodha ya funguo mbovu za biti 32 haikuwa ile ya biti 64.

Yule bwana hakuwa mjinga wala mvivu. Aliuliza! Ndicho kinachonitisha. Aliuliza 'naweza kuondoa onyo hili?' badala ya 'mstari huu unafanya nini?'. Haya ni maswali mawili, na wasafi wetu hapa chuoni hata lile la kwanza hawaulizi.

Kuna aina nyingine ya usafi ambayo kwangu ni mbaya kuliko kufuta kigeu chenye kazi, nayo ni kufuta kigeu ambacho kilipaswa kuwa na kazi. Unakuta mstari unasema kosa ni sawa na matokeo ya kutuma ujumbe. Kigeu kosa hakisomwi tena. Kompaila inakuambia: ndugu, umeuliza kama ujumbe umekwenda, halafu hukusikiliza jibu. Hilo ni onyo la thamani, ni rafiki anakuvuta shati. Msafi anafanyaje? Anaondoa 'kosa =' na kuacha wito mtupu. Onyo limekwisha. Ujumbe ukishindwa kwenda hakuna atakayejua, na safari hii hata kompaila haitamwambia anayekuja baada yako, maana umemkata ulimi shahidi pekee aliyekuwepo. Fikiria hiyo ni kodi ya kutuma hela, au pampu ya maji. Nimepitia project za miaka iliyopita zilizoko kwenye madesa yetu na nawaambia kweli, ukiona wito wa kazi nzito umesimama peke yake bila mtu wa kupokea jibu, mara nyingi hapo palikuwa na kigeu, kuna mtu alikizika.

Nisieleweke vibaya. Sio kwamba nataka kodi iwe jalala. Upande wa pili nao una watu wake, wale wa 'acha tu, si inafanya kazi', na hao nao wana maiti zao. Tarehe 4 juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, na haikumaliza dakika moja, ilivunjika hewani. Sababu ilikuwa kipande cha programu kilichorithiwa kutoka Ariane 4, cha kupanga vifaa vya mwelekeo kabla ya kuruka. Kwenye Ariane 5 kipande hicho hakikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kunyanyuka, lakini kiliachwa kiendelee sekunde kama 40 hivi kwa sababu roketi ya zamani ilikuwa na sababu zake. Ariane 5 ina kasi kubwa zaidi, namba moja ikazidi uwezo wa biti 16, kompyuta ikaanguka, na kompyuta ya akiba ikawa imeshaanguka kabla yake kwa kuwa ilikuwa na programu ile ile. Hiyo ilikuwa lugha ya Ada, si C, lakini somo la kuhamisha kodi kutoka mashine moja kwenda nyingine halichagui lugha.

Na tarehe 1 agosti 2012, kampuni ya Marekani inayoitwa Knight Capital ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 katika dakika kama 45 kwa sababu kodi iliyokuwa imeachwa kutumika tangu 2003 ilikuwa bado imelala mle ndani, kisha bendera yake ikapewa kazi mpya, na seva moja kati ya nane haikuwekewa programu mpya. Bendera ikapandishwa, mfu akafufuka, akaanza kununua na kuuza hisa kama mwendawazimu. Kwa hiyo ndiyo, vitu vilivyokufa vifutwe. Nakubali kwa mikono miwili.

Nakubali pia hoja nzito kuliko zote za wasafi, kwamba maonyo yakiwa 300 hakuna anayeyasoma, na lile moja la maana linapita katikati ya umati bila kuonekana. Ni kweli tupu. Hata wakubwa wamelipigania. GCC 4.6 ilipotoka mwaka 2011 na onyo jipya la vigeu vilivyopewa thamani bila kutumika, keneli ya Linux ilifurika maonyo, wakaamua kulizima kwenye ujenzi wa kawaida, anayelitaka aliwashe mwenyewe kwa W=1. Mwaka 2020 kulikuwa na kampeni kubwa ya kuyapunguza maonyo hayo ya W=1, kiraka kwa kiraka, faili kwa faili. Ukisoma viraka vya namna hiyo vilivyo vizuri utaona kila kimoja kina maelezo: kigeu hiki kilikuwa cha nini, kwa nini sasa hakina kazi. Ni fagio, lakini lina macho.

Au chukua usafi mkubwa kuliko wote ninaoujua. Mwaka 2018, kwenye toleo la 4.17, Linux iliondoa aina nane za prosesa kwa mpigo, blackfin, tile, metag na wenzao, karibu mistari laki tano ya kodi. Hebu jaribu kufikiria laki tano! Lakini kabla ya kufuta waliuliza kwanza nani bado anazitumia. Hexagon na unicore32 nazo zilikuwa kwenye orodha ya washukiwa, wenyewe wakajitokeza wakasema sisi tupo, zikaachwa. Unicore32 iliondoka baadaye, mwaka 2020, hexagon ipo mpaka leo. Hivyo ndivyo mlamula unavyong'olewa kwetu pia: unamwita jirani, mnasimama wote wawili pale, mnakubaliana.

Ugomvi wangu basi ni na nani? Ni na wale wanaohesabu. Mwenzetu hakuandika 'nimegundua mistari mitatu isiyo na kazi na nimejua kwa nini'. Aliandika idadi ya maonyo iliyobaki, sifuri. Sifuri imekuwa sifa. Na tabia hii imeshavuka mipaka ya chuo, mnakumbuka oktoba 2020, ile Hacktoberfest, fulana za bure zilisababisha watu kutoka kila kona ya dunia kumwaga viraka vya kubadilisha nukta na kuongeza neno moja kwenye maelezo ya miradi ya watu, mpaka waandaaji wakabadilisha sheria mwanzoni mwa mwezi ule ule ili mradi uingie kwa hiari tu. Fulana! Sisi hapa hatupewi hata fulana, tunapewa mstari kwenye CV unaosema 'mchangiaji'. Kigeu kisichotumika ndicho chakula chepesi kuliko vyote cha mtu wa namna hiyo, kwa sababu kompaila yenyewe inakuonyesha faili na namba ya mstari, hulazimiki kuelewa chochote. Unafuta, unajenga kwenye laptopu, unatuma. Anayebaki na kazi ni mtu aliyeko mbali anayetakiwa kukaa chini aulize: je, kwenye MIPS? Je, kwenye ARM ya zamani? Kiraka chako cha dakika mbili kimemlia saa yake nzima. Halafu unamwona ana dharau akikukatalia.

Kuna na hawa wa kundi la tatu, wajanja, hawafuti kitu, wananyunyiza void kwenye kila kigeu kama chumvi kwenye mishikaki. Onyo linanyamaza, kigeu kinabaki, maelezo hamna. Kwenye ule mfano wangu wa rejista void ilikuwa dawa kwa sababu kulikuwa na sababu, na sababu hiyo inatakiwa iandikwe pembeni kwa maneno matano tu: kusoma kunashusha bendera ya katizo. Bila maneno hayo msafi wa mwaka kesho ataiona void imekaa peke yake na ataifagia.

Na lile la 'kuokoa memori' naomba mliache kabisa, linanichosha. Kila mtu anayefuta kigeu anasema amepunguza uzito wa programu. Kigeu cha ndani ya fanksheni kisichosomwa, kompaila ikiwa imewashiwa -Os au -O2, hakichukui hata baiti moja, kimeshaondolewa kabla wewe hujafikiria. Chukua programu, pima ukubwa wake, futa kigeu, pima tena, uniletee tofauti. Usafi wa aina hii ni kwa ajili ya binadamu atakayesoma, mashine haikuulizi. Na kama ni kwa ajili ya msomaji, basi kumwachia msomaji shimo lisilo na maelezo si kumsafishia.

Kinachotakiwa wala si kigumu kwa mtu wa mwaka wa tatu. Onyo likija, tafuta jina la kigeu kwenye mradi mzima, si kwenye faili moja, ukiangalia hasa ndani ya makro na ndani ya #ifdef. Ukiona kinapita kwenye makro tupu, daktari wake yuko kwenye makro. Ukiona kinapokea jibu la kazi fulani, jiulize jibu hilo lilitakiwa kwenda wapi. Ukiona kinasoma rejista, fungua kitabu cha chipu, kile cha PDF chenye mamia ya kurasa ambacho wote tunakipakua na hakuna anayekifungua. Halafu jenga kwa zaidi ya mashine moja. Visingizio vya vifaa havipo, kompaila za ARM, MIPS na AVR zote ni za bure, zinaingia kwenye Ubuntu kwa amri moja kila moja, na kwa bando la usiku unazipata zote kabla ya kulala. Watu wa keneli wana roboti ya Intel inayochukua viraka na kuvijenga kwa aina kibao za prosesa, wewe anza na tatu.

Nimalizie na walimu wetu, kwa heshima zote, maana hili gonjwa halikuota lenyewe. Kuna utaratibu kwenye baadhi ya kozi kwamba kodi ikija na onyo lolote unakatwa maksi, bila kuulizwa onyo linahusu nini. Naelewa nia, mwalimu mmoja ana wanafunzi mia na hawezi kusoma kila mstari. Lakini matokeo yake tumeyaona: usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi hakuna anayetafuta hitilafu, wote tunatafuta ukimya. Napendekeza jambo dogo. Mwanafunzi aruhusiwe kuacha onyo, mradi aandike juu yake sentensi mbili kueleza kigeu hicho kinafanya kazi kwenye mashine ipi na kwa nini hapa hakionekani, na hizo sentensi mbili zihesabiwe maksi. Anayefuta naye aandike vilevile, kilikuwa cha nini. Tumeshaandaa barua ya kupeleka idarani kupitia CR, rasimu ninayo mimi, anayetaka kuweka sahihi anitafute kabla ya alhamisi.

Nawasilisha.